Kelele Ndani ya Kompyuta ya Mama

Kila alipotoka shule, Fairuz alipitia kwanza jikoni, akafunua sufuria kuona amewekewa nini, kisha akapanda ngazi hadi chumba cha juu alikofanyia kazi mama yake. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, katika kichochoro chembamba ambamo punda wawili waliobeba mawe wakikutana, mmoja hulazimika kurudi nyuma. Dirisha la chumba cha juu lilikuwa dogo na pazia lake halikufunguliwa. Hapo ndipo kompyuta ilipokaa.

Mama yake, Bi Ruqaiya, alikuwa mpiga picha za video za harusi, upande wa wanawake tu. Siku ya hina na siku ya kupamba, wanawake wa Lamu huvua mabuibui, hufunua nywele, huvaa dhahabu zao na kucheza wao kwa wao. Hakuna mwanamume anayeingia. Mlangoni huwekwa kapu, na kila mgeni huacha simu yake humo. Kamera iliyoruhusiwa kuingia ilikuwa moja, ya Bi Ruqaiya. Akirudi nyumbani aliziingiza picha kwenye kompyuta, akazikata na kuziunga, akatia nyimbo, kisha akamkabidhi bi harusi mwenyewe mkononi. Hata mumewe, Bwana Badawi, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya wageni kule Shela, alibisha hodi kabla ya kuingia chumba kile, na Bi Ruqaiya alikifunika kioo kwanza kwa leso.

"Humu mna nyuso za watu," alikuwa akimwambia Fairuz. "Wameniachia amana. Si zangu, wala si zako. Kompyuta hii haichezewi."

Fairuz alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mtoto hodari darasani, na maneno hayo aliyajua kwa moyo. Lakini tangu likizo alikuwa akiyavunja. Rafiki yake Hadil alimpa gemu ya mbio za magari ndani ya flashi, na Fairuz akaiingiza kwenye kompyuta ya mama, akaificha mahali ambapo mama hafungui. Bi Ruqaiya alipokwenda harusini, Fairuz alipanda juu akacheza. Gemu ile haikwenda vizuri kwenye kompyuta za shule, lakini hapa magari yaliruka kama ya kweli, kwa sababu kompyuta ya mama ilikuwa na kadi ya grafiki yenye nguvu. Hiyo ndiyo sehemu inayochora picha zinazoonekana kwenye kioo, na bila hiyo kazi ya video haiendi.

Ili majirani wasisikie, Fairuz alitumia vipokea sauti. Tundu la kuvichomeka lilikuwa nyuma, kwa hiyo kila mara alilivuta kasha la kompyuta kutoka chini ya meza, akaligeuza, akachomeka, na alipomaliza akalirudisha.

Alasiri moja mlango wa chini ulilia ghafla. Mama alikuwa amerudi mapema. Fairuz alizima, akauchomoa waya kwa nguvu, akalisukuma kasha kwa mguu. Likagonga ukuta wa mawe kwa kishindo. Mama alipofika juu alimkuta amefungua kitabu cha hesabu.

Kesho yake kelele ilianza.

Bi Ruqaiya alikuwa anaitengeneza video ya harusi ya Iman, binti wa jirani. Alipofungua picha zilizo nzito, ndani ya kasha kukatoka mlio mkavu, tktktktk, kama kipande cha kadi kilichofungwa kwenye gurudumu la baiskeli. Alipoacha kufanya kazi, mlio ukapungua, ukakoma. Akaanza tena, nao ukaanza tena.

Bi Ruqaiya hakuwa fundi, lakini alikuwa mtu wa utaratibu. Kwanza alizima spika, ili ajue kama kelele ni ya huko. Mlio ukaendelea. Akainama, akaweka sikio karibu na kasha, upande huu na upande ule.

"Inatoka kwenye kadi ya grafiki," alisema. "Kadi ile ina feni yake ndogo. Kazi ikiwa nzito kadi hupata moto, feni hukimbia. Ndiyo maana ikipumzika inanyamaza." Akamtazama Fairuz. "Kuna mtu amelisogeza kasha hili?"

"La, mama."

"Halikuanguka, halikugongwa?"

"La."

"Na wewe hukuiwasha nilipokuwa sipo?"

"Mimi? Niiwashe ya nini?"

Bi Ruqaiya alikubali. Hakuwa na sababu ya kumtilia shaka mwanawe. "Kama haikuguswa, basi ni ugonjwa wa ndani," alisema kwa unyonge. "Hewa ya chumvi hapa kwetu inakula kila kitu. Ama feni imechakaa, ama kadi yenyewe inakufa. Nitalazimika kuagiza nyingine Mombasa." Alizima kompyuta, akakaa akiitazama.

Fairuz alishuka chini. Aliamini kuwa gemu imeiua kadi.

Jioni ile simu ilitoka Faza. Shangazi yake Bi Ruqaiya alikuwa amezidiwa na maradhi, na watu wa nyumbani walitaka aende. Akafunga nguo zake. Kabla ya kuondoka alimwita Fairuz.

"Baba atarudi kila jioni kutoka Shela. Mchana ukitoka shule nenda chuoni ukasome Kurani, kisha ukae nyumbani. Kompyuta isiwashwe mpaka nije. Nikirudi nitaitoa diski yenye picha niifungie kabatini, ndipo nilipeleke kasha kwa fundi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Bi Ruqaiya akaenda kupanda boti, na Fairuz akabaki na hofu yake. Darasani hakusikia mwalimu anasema nini. Aliwaza kuwa fundi atakapoifungua kadi ataona imeungua, atasema imeunguzwa na gemu, na uongo wake wote utatoka. Akaona ni afadhali itengenezwe kabla mama hajarudi. Mama akija aikute nzima, mambo yaishe.

Siku iliyofuata, badala ya kwenda chuoni, alilifunga kasha kwa leso, akalibeba kifuani, akapumzika kila alipokuta baraza, mpaka akafika Langoni kwa fundi Ubaid. Habari ya diski aliikumbuka njiani. Lakini hakujua iko wapi ndani ya kasha wala inatolewaje, na alijiambia kuwa fundi anatazama waya, hatazami picha.

Ubaid alikuwa kijana mpole aliyetengeneza simu na kompyuta katika duka dogo lililoelekea njiani. Ndani mlikuwa na benchi, na siku ile walikaa vijana kadhaa wakingoja simu zao zijae chaji.

"Hii si ya Bi Ruqaiya?" aliuliza Ubaid alipolifungua fundo la leso. "Mamako anajua umeileta?"

"Anajua. Amekwenda Faza."

"Ina nini?"

"Inapiga kelele. Mama anasema ni kadi ya grafiki."

Ubaid aliiunga kompyuta kwenye kioo chake, akaiwasha. Fairuz akaandika neno la siri. Wakasikiliza. Kompyuta ilikuwa kimya.

"Mbona haisemi kitu?"

"Inaanza ikifanya kazi nzito."

"Basi lazima tuipe kazi nzito, tuisikie," alisema Ubaid. "Kelele ambayo hujaisikia huwezi kujua inatoka wapi. Humu ndani kuna gemu yoyote? Gemu ingeipandisha moto sasa hivi."

Gemu ilikuwapo. Fairuz alijua ilipo, na angeweza kuifungua kwa kubonyeza mara mbili. Lakini Ubaid alifahamiana na baba yake, na vijana wale walikuwa wa mitaa ya karibu.

"Hakuna," alisema. "Mama hataki gemu."

"Sawa. Nitafungua kazi ya mwisho iliyofanywa."

Kabla Fairuz hajafahamu maana ya maneno hayo, Ubaid alikuwa amekwisha kubonyeza, na alikuwa amekwisha kuinama kulitegea kasha sikio. Feni ilianza kukimbia. Tktktktk. "Naam," alisema Ubaid kutoka chini ya meza, "naisikia."

Kwenye kioo alikuwa Iman. Nywele zake zilikuwa wazi hadi kiunoni, zimefungwa vikuba vya asmini, mikono imejaa hina mpaka kwenye viwiko, na alikuwa anacheza katikati ya shangazi zake huku akicheka. Iman ndiye aliyemfundisha Fairuz kuchora hina. Walikuwa wakikaa pamoja ukumbini kwao, na Iman alimruhusu achore kwenye mguu wake, akikosea wakifuta kwa limau wakianza upya. Sasa Iman alikuwa anacheza mbele ya njia ya Langoni.

Vijana wa kwenye benchi walikuwa wamenyoosha shingo. Fairuz aligeuka akaona mmoja wa wale vijana ameinua simu yake.

"Zima," alisema. "Ubaid, zima."

Ubaid aliinua kichwa. Alipoona kilichopo kwenye kioo aliruka akakizima, akakigeuzia ukutani. "Astaghfirullahi," alisema. Kisha akamgeukia Fairuz kwa hasira. "Mbona hukuniambia humu mna kazi ya harusi? Ningejuaje?" Akawafukuza wote waliokaa kwenye benchi. Lakini simu zao waliondoka nazo.

Alipotulia alichomoa umeme, akafungua skrubu za ubavuni kwa bisibisi, akautoa ubao wa kasha. Hakutafuta sana. Waya mmoja mwembamba ulikuwa umechomoka kwenye kifungo chake, ukaning'inia juu ya kadi ya grafiki, ncha yake ikigusa mapanga ya feni.

"Tazama. Feni ikienda polepole inausukuma tu waya huu, husikii kitu. Ikikimbia, kila panga linaupiga. Kadi ni nzima kabisa. Kasha hili limegongwa mahali."

Aliurudisha waya mahali pake akaufunga. Akaiwasha tena kompyuta, kioo kikiwa kimetazama ukuta, akaiacha ikifanya kazi. Feni ilivuma vizuri bila mlio wowote. Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na Ubaid hakumtoza kitu.

"Mamako akirudi mwambie yaliyotokea hapa," alisema. "Mwambie siku hiyohiyo. Usiache asikie kwa watu."

"Nitamwambia," alisema Fairuz, akalibeba kasha kurudi nalo nyumbani.

Hakumwambia. Bi Ruqaiya alirudi kutoka Faza amechoka, maana shangazi yake alikuwa amefariki na walikuwa wamemzika. Fairuz alimletea maji ya kunywa, akasema, "Mama, kompyuta imenyamaza. Niliiwasha kidogo kuisikiliza."

"Nilikukataza."

"Nisamehe, mama. Labda vumbi limetoka."

Bi Ruqaiya alipanda, akafungua video ya Iman, akaweka sikio. Hakusikia kitu. "Kitu hakijitengenezi chenyewe," alisema, lakini alisema kwa furaha, kwa sababu katika siku zile za msiba hii ilikuwa habari njema ya kwanza. "Alhamdulillahi. Sasa nitaimaliza kazi ya watu." Akaimaliza, akampelekea Iman, na Iman akambusu mkono.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Bi Swafiya, mama yake Iman, aliingia nyumbani kwao bila kupiga hodi. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo na heshima nyingi, na siku ile sauti yake ilikuwa ndogo zaidi. Alimwonyesha Bi Ruqaiya simu. Fairuz alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha kati, akikunja nguo. Hakuhitaji kuona.

"Iko kwenye simu za watu," alisema Bi Swafiya. "Amu nzima, mji wote. Imefika Faza kwa wakwe zake. Imefika mpaka Kiunga, kwa ami yake. Mwanangu hawezi kupita ndiani. Mume wake hasemi naye tangu jana. Ruqaiya, nakuuliza wewe, si mwengine. Kamera ilikuwa yako peke yako."

Bi Ruqaiya aliishika simu kwa mikono miwili. Picha ilikuwa ya muda mfupi sana na imetikisika, lakini pembeni zilionekana alama za programu yake ya kukata video. Ilipigwa kutoka kwenye kompyuta.

"Sijamwonyesha mtu," alisema. "Mume wangu hajaiona. Kompyuta haikutoka nyumba hii."

"Basi imetokaje?"

"Sijui. Swafiya, tumekua pamoja. Ngoja nilete msahafu niape. Naapa kwa..."

"Usiape, mama."

Fairuz alikuwa ametoka nyuma ya pazia, shati la baba yake bado mkononi. Wanawake wawili walimgeukia. Alitaka kuanza na fundi, lakini alijikuta anaanza na gemu, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Aliyasema yote: flashi ya Hadil, vipokea sauti, kasha alilolisukuma kwa mguu, maswali ya mama aliyoyajibu kwa la, leso, Langoni, na swali la Ubaid.

"Aliniuliza kama kuna gemu," alisema. "Nikasema hakuna. Ndipo akafungua ya Iman."

Hakuna aliyempigia kelele. Bi Swafiya alimtazama kwa muda mrefu kama mtu asiyemtambua, akajitupia buibui lake kichwani, akatoka. Bi Ruqaiya alikaa kitandani.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza mara tatu, kwa upole."

Jioni ile Bwana Badawi alifuatana na ndugu zake Iman mpaka dukani kwa Ubaid. Ubaid hakukana lolote. Alisema kosa lake ni kuwasha kompyuta ya mtu kioo kikiwa kimeelekea njia, na kosa lake la pili ni kumwachia mtoto apeleke habari badala ya kwenda yeye mwenyewe. Kijana aliyeinua simu alijulikana. Baba yake alimleta kwa mkono, na kijana akaifuta picha mbele ya watu huku analia, akasema alimtumia rafiki mmoja tu. Huyo rafiki naye alikuwa na marafiki. Imamu wa mtaa alisimama baada ya sala ya magharibi akawaambia watu kwamba binti yule hakufanya kosa lolote, alicheza kwenye harusi yake mbele ya wanawake wenziwe, na kwamba mwenye kuitazama picha ile na mwenye kuisambaza ndio wenye dhambi. Kila aliye nayo aifute. Wengi walifuta. Lakini hakuna aliyeweza kusema ni wote.

Bi Ruqaiya aliitoa diski ndani ya kasha kwa mikono yake, akaenda nayo kwa Bi Swafiya, akaiweka mbele yake. Harusi zote za miaka yote zilikuwa humo, kwani programu za kompyuta zilikaa kwenye diski nyingine. "Kaa nayo wewe," alimwambia. Bi Swafiya aliipokea bila kumkaribisha kahawa.

Baada ya hapo simu za kazi zilikoma. Bi harusi mmoja wa Shela aliyekuwa amekwisha kumwalika alituma mtu kusema wameamua harusi yao isipigwe picha kabisa. Mwingine hakutuma mtu, na Bi Ruqaiya alisikia ngoma za hina kutoka kwenye nyumba ya mtaa wa pili ambako hakuitwa hata kama mgeni. Kompyuta ilikuwa nzima, kadi yake nzima, feni inavuma kama siku iliponunuliwa, na haikuwa na kazi. Akaanza kutumia mashine ile kuchapa barua za watu na kuandika vibandiko vya chupa za achari kwa wenye maduka. Fairuz alifuta gemu mbele ya mama yake. Bi Ruqaiya hakugeuka kutazama.

Ilifika habari kwamba Iman anahama. Mume wake alikuwa amepata kazi Mombasa, na alikuwa ameanza kusema naye tena, lakini hakutaka kuishi Lamu. Fairuz alimwomba mama ampeleke akaombe radhi. Bi Ruqaiya alifikiri, kisha akavaa buibui.

Iman aliwapokea ukumbini. Alikuwa amekonda. Masanduku yake yalikuwa yamefungwa kamba, na wakati wote alikaa na mtandio kichwani, ingawa ndani hamkuwa na mwanamume.

"Iman," alisema Fairuz, "mimi ndiye niliyefanya. Nakuomba radhi."

Iman alitazama mikono yake. Hina ya harusi ilikuwa imebaki kwenye kucha tu.

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu," alisema. "Sitaki ukue na jambo hili kifuani. Lakini nataka ujue lilivyo. Nikipita mahali na mwanamume akinitazama, najiuliza kama aliniona. Muuza samaki. Nahodha wa boti. Mwalimu wangu wa zamani. Siwezi kuwauliza, na siku hiyo sasa siwezi kuikumbuka kwa raha. Video aliyonipa mamako sijaifungua."

Iman aliinuka akawaletea maji, kama ada, kisha akasema ana kazi ya kufunga vyombo.

Mama na binti walirudi kwa miguu. Vichochoro vilikuwa na watu wanaotoka sokoni, na Bi Ruqaiya aliwaamkia wote, na wengine walimjibu. Walipofika penye ukimya alisimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Fairuz, nisikilize, maana sitalirudia neno hili. Gemu ni makosa, lakini ni makosa ya kitoto. Ningekukaripia, ungelia, tungekula chakula cha usiku. Kulisukuma kasha nako ni ajali. Nilipokuuliza kama limegongwa, sikuuliza nikuadhibu. Nilikuwa natafuta ubovu. Mtu anayetafuta ubovu hutegemea anayoambiwa, kama daktari anavyotegemea mgonjwa. Ungesema ndiyo, ningefungua kasha pale pale nikauona waya. Uliposema la, nilikwenda kuutafuta mahali usipokuwepo. Na Ubaid vilevile. Alikuuliza swali la kazi yake, ukampa jibu la kujikinga."

"Niliogopa, mama."

"Najua uliogopa. Kila anayesema uongo anaogopa kitu. Lakini uliogopa karipio langu, ukalilipia kwa heshima ya Iman. Haikuwa yako kulipia." Akamgeukia. "Siku ile ulitoka nyuma ya pazia kabla sijaapa. Hilo nimeliona, na baba yako pia analijua. Ulisema kweli, na ulisema yote. Ila ilikuwa imechelewa. Ukweli uuseme mapema, mwanangu, wakati bado unaweza kumfaa mtu. Ukichelewa unabaki ni ukweli, lakini watu wamekwisha kuumia."

"Watakuita tena harusini?"

"Sijui. Labda watoto wao wataniita. Labda hawataniita." Aliurekebisha ushungi wake. "Tutafanya kazi iliyopo. Kesho kuna vibandiko vya kuchapa, na utakuja kunisaidia kuvikata. Nikikuuliza umeharibu vingapi, utaniambia vingapi."

"Nitakuambia."

Bi Ruqaiya alitangulia. Hakumshika mkono kama alivyozoea walipotembea pamoja, na Fairuz hakuthubutu kuunyoosha wake. Lakini penye kona ya kuingia Mkomani, mama alipunguza mwendo, akamngoja amfikie, wakaingia mtaani sambamba.